Kabla Hujagusa Skrubu
Mama bado anashtuka akisikia neno risasi. Namwambia hapa Sydney ni mchezo wa shabaha: leseni ya bastola, kundi H, inadai uwe kwenye klabu, na jioni mimi hujaza maganda upya.

Risasi ya 9 mm haifai kuzidi urefu wa milimita 29.69. Zikitofautiana sana, usiguse skrubu kwanza. Fungua kile kifaa kinachoshindilia kichwa ndani ya ganda. Mara nyingi madini ya risasi na grisi vimejikusanya humo. Safisha, kaza nati, kisha pima kumi. Tofauti ndogo ya ncha ni kawaida. Ila kichwa kikizama mno, presha hupanda na bastola inaweza kupasuka mkononi. Hiyo usiifyatue, ifumue.