Maandalio Kabla ya Mbio

Watu wengi huyajua mashindano ya motokaa kwa siku ile moja ya kushindana. Huliona vumbi, husikia ngurumo, kisha husema, "Fulani amewapita wenzake," wakarejea majumbani kwao. Lakini mwenye kutia makini hujua ya kuwa mbio za masafa marefu hupatikana au hupotea miezi mingi kabla ya bendera kuinuliwa, na aghalabu ya kazi yake hufanyika mahali pasipo mtazamaji. Mimi ni mwalimu wa chuoni. Elimu yangu ni ya chuo na ya skuli ya msingi, na motokaa sijui kuiendesha. Walakini jambo hili lilinijia mpaka mlangoni kwangu, nami naona lina faida kwa wazazi na vijana wasomao kurasa hizi. Kwa hivyo nalieleza kama nilivyoliona.

Katika mwezi wa Disemba mwaka wa 2023, kijana mmoja aliyesoma kwangu tangu alifu mpaka akakhitimu, na ambaye sasa ni fundi wa magari hapa Mombasa, alinijia baada ya sala ya Isha. Akanipa khabari ya kuwa yeye na rafiki yake wameazimia kuingia katika Safari Rally ya mwaka wa 2024, na ya kuwa hiyo ndiyo mara yake ya kwanza. Siku ya pili yake alinijia mamake. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Akasema, "Maalim, babake alitoka hapa mzima na lori la mizigo, akarejeshwa na watu. Huyu mwana hunisikia mimi, lakini wewe hukukhofu. Mkataze."

Hapo ndipo penye uzito wa maneno haya. Mama ana haki yake, na haki hiyo hapana mwalimu awezaye kuipunguza. Nami sikuweza kusema ya kuwa mchezo huo hauna hatari, kwani hatari anayo. Mashindano hayo yalianza katika mwaka wa 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Katika mwaka wa 1963 walianza madereva 84 wakamaliza 7 tu. Na katika mwaka wa 1968 waliomaliza walikuwa vilevile 7. Mpaka mwaka wa 2002 yalikuwa yakienda katika njia za watu wote, pamoja na mabasi, ng'ombe na watoto watokao skuli. Yaliporejea katika orodha ya mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, yalihamia pande za Naivasha, katika njia zinazofungwa wakati wa mbio.

Lakini sikuweza kusema pia ya kuwa kushindana kwenyewe ni jambo baya. Mtume s.a.w. aliwashindanisha farasi katika mji wa Madina, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Na wenye kusoma khabari hiyo watakumbuka ya kuwa farasi wale waligawanywa mafungu mawili. Waliotengenezwa walikimbizwa kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, mwendo wa maili tano au sita; na wasiotengenezwa walikimbizwa mwendo wa kadiri ya maili moja tu. Matengenezo hayo Waarabu huyaita tadhmiri. Farasi hulishwa mpaka akanenepa akapata nguvu, kisha chakula chake hupunguzwa kidogo kidogo, akatiwa katika zizi lililofungwa, akafunikwa nguo mpaka akatoka jasho, ile nyama ya ulegevu ikaondoka na pumzi zake zikawa imara. Basi tangu zamani hizo ilijulikana ya kuwa masafa marefu hayapewi asiyejitengeneza.

Kwa hivyo nilimwomba yule mama muhula. Nikamwambia, "Usimkataze leo, wala usimruhusu. Njoo utazame maandalio yake kwa macho yako, kisha utamke neno lako." Na kijana naye akaahidi mbele yangu ya kuwa mamake akisema hapana, hata kama ni usiku wa kuamkia safari, hatakwenda. Hakuahidi kwa wepesi. Nilimwona akimeza mate.

Jambo la kwanza lilikuwa mwili. Mimi nilidhani dereva ameketi tu, na gari ndilo lifanyalo kazi. Kijana akanieleza ya kuwa mbio hizo hupita kilomita 300 kwa siku nne, mbali na njia za kuunganisha kipande na kipande. Ndani ya gari hupita joto la nyuzi 50, na dereva amevaa nguo nzito za kuzuia moto, kofia ngumu, kitambaa cha uso na glavu. Jasho likimpungukia maji mwilini, jicho huchelewa kuona na mkono huchelewa kutii. Na kuchelewa kidogo tu katika mwendo ule ni kutoka njiani.

Basi kila alasiri alikuwa akikimbia juu ya mchanga wa pwani. Hata zilipobaki wiki tatu kabla ya Ramadhani, alivaa zile nguo zote akaketi ndani ya gari lake, Subaru ya zamani, katika uwanja wetu wa chuo, saa saba za mchana, vioo vimefungwa. Siku ya kwanza alikaa dakika kumi. Akaongeza kidogo kila siku, na mwenziwe amesimama nje na ndoo ya maji akimtazama. Niliwaambia wanafunzi wangu, "Hii ndiyo tadhmiri, ile nguo aliyofunikwa farasi, huyu ameivaa mwenyewe." Mama alikuja siku moja akamwona anatoka ndani ya gari, jasho likimchuruzika mpaka viatuni. Hakusema kitu. Alikwenda akaleta madafu.

Katika uwanja uo huo walijifunza kubadili gurudumu. Huko njiani hapana fundi wa kuwasaidia katikati ya kipande. Gurudumu likipasuka, watu wawili waliomo garini ndio mafundi. Mara ya kwanza walitumia dakika kumi, mmoja akitafuta spana na mwingine akimgombeza. Mwisho walimaliza kwa dakika nne bila ya neno, kila mmoja akijua pa kupiga goti. Naye alipenda kunitajia Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, akashinda Safari mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Ushindi wake wa kwanza aliupata kwa motokaa ya Volvo iliyokwisha tumiwa na wengine. Aliingia mara 22 akamaliza mara 19. Mtu huyo alikuwa fundi, akijua kila msumari wa gari lake. Kijana akaniambia, "Maalim, mimi sitamani kushinda mara tatu. Natamani kumaliza kama alivyokuwa akimaliza."

Jambo la pili lilinihusu mimi zaidi, nalo ni kusoma. Katika mashindano haya dereva haendi kwa macho peke yake. Kabla ya siku za mbio hupewa nafasi ya kuipeleleza njia kwa mwendo wa pole. Katika kupita mara ya kwanza dereva huieleza kila kona, na mwenziwe huandika; mara ya pili mwenziwe humsomea, wakasahihisha. Kona huandikwa upande wake na namba yake: moja ni kona kali kabisa, sita ni ile ya kupita kwa kasi. Huongezwa alama za jiwe, za mlima unaoficha njia, na za mahali ambapo mtu asikate kona. Siku ya mbio yule mwenziwe, waitwaye nevigeta, husoma daftari hilo kwa sauti, na dereva huingia katika kona asiyoiona kwa kuamini sauti ile. Maisha yake yamo katika sikio.

Waliniletea daftari la mazoezi wakasoma mbele yangu. Naam, nimesikiliza wasomaji kwa miaka zaidi ya thelathini, na aibu ya msomaji haijifichi. Yule nevigeta alikuwa na sauti njema, lakini alikuwa akiidondosha mwishoni mwa kila fungu. Akisema "kushoto," husikika. Akisema "tatu" au "tano," sauti imekwisha kushuka. Na hapo ndipo penye khatari, kwani upande dereva ataweza kuuona. Namba ndiyo iliyofichika. Nikamwambia, "Mwanangu, katika Kiarabu irabu ya mwisho wa neno ndiyo ituelezayo nani kapiga na nani kapigwa. Mwenye kula miisho ya maneno amekula maana." Kosa la pili lilikuwa la pumzi. Alivuta pumzi pale ilipomwishia, si pale palipo na nafasi. Sisi katika Msahafu tuna alama za kusimama: pa lazima, pa hiari, na pa kutosimama. Wakatia alama zao wenyewe katika daftari, kwa wino mwekundu: hapa vuta pumzi, hapa usivute hata ukifa.

Kisha tukatengeneza mwendo wa usomaji. Msomaji mwema jicho lake hutangulia ulimi wake. Anaposoma neno hili, jicho limekwisha fika katika neno lijalo. Akitangulia mno, dereva atasahau. Akichelewa, kona imekwisha mfikia. Wakakubaliana kona moja mbele, wala si mbili. Kwa wiki sita walikuja baada ya Alasiri, mmoja akisoma, mwingine amefumba macho akizungusha sahani ya bati kama usukani, na watoto wa chuo wakicheka mpaka wakazoea.

Jambo la tatu lilikuwa la ibada. Mashindano yale yaliwekwa tarehe 28 mpaka 31 Machi 2024, nayo ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka wa 1445. Kijana akauliza, "Nifunge au nifungue?" Msafiri ana ruhusa yake, lakini wao walikuwa wakae Naivasha siku nyingi, na katika madhehebu yetu ya Shafii mwenye kukusudia kukaa mahali siku nne kamili hukatikiwa na ruhusa hiyo. Suala hili nililipeleka kwa sheikh wangu. Akajibu ya kuwa siku za kupeleleza njia kwa mwendo wa pole wafunge kama watu wengine. Na siku za mbio waamke na nia ya saumu, na wakikhofu madhara juu ya nafsi zao, wafungue, kisha walipe. Akaongeza neno ambalo kijana aliliandika: ya kuwa mtu aliyebeba roho ya mwenziwe garini hana haki ya kujionyesha ushujaa wa kiu.

Ramadhani ilipoingia nilimwamuru afanye jambo moja zaidi, ambalo lampasa kila msafiri wala si dereva wa mbio tu. Aandike madeni yake yote, na anachowadai watu, na wasia wake. Alikuwa na deni katika duka la vipuri, na deni dogo kwa mjomba wake. Akalipa la mjomba, na lile la duka akaliandika pamoja na mashahidi wawili. Karatasi ile akampelekea mamake usiku, nami nikiwapo. Mama alisomewa yote, neno kwa neno. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Babake hakuniachia hata kikaratasi. Wenye kudai walikuja hata siku ya arubaini."

Hapo ndipo alipotoa ruhusa. Lakini naye alitia sharti lake. Akasema, "Huko wafungako njia, nenda. Lakini barabara ya Mombasa na Nairobi hutaiendesha usiku." Basi gari lao lilipakiwa juu ya lori, na wao wawili wakapanda treni. Wako waliocheka ya kuwa dereva wa mbio anakwenda mbioni kwa treni. Mimi sikucheka. Yule mama alikuwa ameipambanua hatari iliyoandaliwa na hatari isiyoandaliwa, jambo ambalo wengi wetu hatulijui.

Khabari ya mashindano yenyewe ni fupi. Siku ya Ijumaa walipita katika lile vumbi la Naivasha, laini kama unga, lifichalo mawe na mashimo. Siku ya Jumamosi jiwe moja lilikata chuma kilichoshika gurudumu la mbele, na gari likasimama. Kutengenezeka kwake hapo njiani hakukuwezekana. Wakavua kofia, wakaweka alama ya kuwaonya wanaofuata, wakaketi kando kungoja. Hawakumaliza. Aliponipigia simu jioni ile, jambo alilonisimulia kwa furaha lilikuwa hili: "Maalim, hapana namba hata moja iliyonipotea."

Ndugu wasomaji, vijana wetu hawatashiriki wote katika mbio za motokaa, wala mimi simhimizi mtu kuzifuata. Lakini kila kijana ana safari yake ndefu: mmoja huenda kutafuta kazi Ghuba, mwingine huoa, mwingine hufungua duka. Tuwaulize kabla hawajaondoka: mwili umeutengeneza? Nani atakusomea njia, na sauti yake umeizoea? Madeni yako yameandikwa? Na mama amesema nini? Mzazi naye asikatae kabla hajatazama, wala asikubali kabla hajatazama. Kushinda na kushindwa ni kwa majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Maandalio ndiyo fungu letu.

Wabillahi taufiki.