Wayaya Wetu Wanaanza Kazi Pasipo Mushahara



Sisi wa mwaka wa mwisho tulizoea kucheka wayaya waliotoka universite na kuingia staji katika mashirika yasiyotafuta faida. Tulisema: Miaka mitano ya masomo Lubumbashi, safari ya gari la moshi mpaka hapa Kalemie, na mwisho wake ni kubeba karatasi za wengine! Staji ni ya miezi 6. Mushahara hakuna. Wanapewa feza ya transporti tu, na siku zingine hata hiyo inachelewa.

Yaya mumoja aliyemaliza hapa kwetu alianza staji mwisho wa mwaka 2024, katika shirika la maji. Mama yake aliuzisha shamba ili asome. Jioni moja tulikuwa kwao, tukasikia mama akimuuliza: "Mutoto wangu, diploma uko nayo, kazi uko nayo, na unga njo mimi naendelea kununua?" Yeye alinyamaza. Na sisi tulitazama chini, kwa maana mama zetu watauliza neno lilelile.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila asubuhi alishuka kando ya ziwa Tanganyika, pale watu wanapochota maji, akatia klore katika kila bidoni kwa kipimo, na kuwaambia wenyewe wangoje dakika 30 mbele ya kunywa. Kisha alipita nyumba kwa nyumba na kupima: maji yakigeuka rangi ya roze, klore ingali ndani; yakibaki vile yalivyo, hakuna. Yote aliandika katika kayee. Kolera iko Kalemie tangu miaka mingi, na ziwa lilipopanda mwaka 2020 na iliyofuata, liliingia katika nyumba za watu na katika vyoo.

Mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 mwezi wa saba USAID ikafunga kazi. Shirika la yaya lilikuwa linakula kwa mukono ule. Wanastaji wote waliitwa asubuhi moja, wakapewa barua. Saa sita biro ilikuwa na kufuli.

Tulizani atarudia Lubumbashi. Kesho yake tulimuona kando ya ziwa na kayee yake na klore kidogo iliyobakia. Ilipoisha, alikuja kwetu internati. Alitufundisha kuchemsha maji, na dawa ya mutu anayeharisha: litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo wakati munamupeleka hospitali. Halafu akauliza: "Nani atakamata kayee?"

Tulikuwa 31. Walioinua mukono ni 4. Sisi wakapita hatukuinua. Tuliwaza Mtihani wa Serikali.

Usiku ule hatukulala vizuri. Hatusemi mama alikosa. Mutu anayetumika anapaswa kula, na shirika linalokamata kijana miezi 6 lingemupa hata feza ya unga. Lakini tulijiuliza: staji imekwisha, feza ya transporti imekwisha, juu ya nini yeye alishuka tena ziwani? Hatukupata jibu lingine ila hili: maji yalikuwa yangali machafu, na yeye alikuwa anajua namna ya kuyasafisha.

Siku ya posho tulienda kwa wale 4, tukaomba kuandikwa. Yaya sasa anafundisha saa chache katika masomo ya musingi, mama anaendelea kununua unga, na kayee iko kwetu.

Wadogo wetu, sisi tutatoka mwaka huu. Posho ijayo, saa moja ya asubuhi, mbele ya kapela, tunatafuta watakaoikamata nyuma yetu. Kila mutu alete bidoni.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho