Sarafu Yenye Kosa na Hasara ya Kuisugua



Katika nyumba zetu za pwani, chombo cha shaba kikifubaa hutafutwa ndimu na majivu, kikasuguliwa mpaka kikang'ara. Kwa sinia na buli ni jambo jema. Ama kwa sarafu adimu, na khasa zile zilizotoka kiwandani na kosa, kuzisugua ni kuitupa mali kwa mkono wako mwenyewe.

Twaa mfano wa senti moja ya Marekani ya mwaka 1955. Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma, na zama zile muhuri wenyewe ulitiwa sura kwa kushindiliwa zaidi ya mara moja. Mwaka ule, katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja uliposhindiliwa tena haukukaa sawasawa na mara ya kwanza. Tarehe na maandishi yakatoka mawili mawili. Sarafu zaidi ya 20,000 za namna hiyo zikaingia mikononi mwa watu, nyingine zikiwa chenji ndani ya pakiti za sigara. Leo zatafutwa sana.

Sasa fahamu khabari ya kuchakaa. Sarafu ikipita mikononi, hulika kwanza palipoinuka: shavu na nywele za ile sura. Thamani hupungua, lakini haipotei, kwani kosa lile la 1955 ni kubwa na huonekana hata sarafu ikichakaa. Tena usichanganye. Ziko senti nyingine za mwaka huohuo ambazo 5 ya mwisho ina kitu kama kivuli. Hizo zilitokana na muhuri uliochakaa kwa kazi nyingi, na thamani yake ni ndogo.

Kusugua ni balaa nyingine. Mng'ao wa sarafu mpya hutokana na vijistari vyembamba mno ambavyo shaba huvifanya inaposukumwa na muhuri. Ukali wa ndimu huila ngozi ile ya juu, na majivu huacha mikwaruzo ionekanayo kwa kioo cha kukuzia. Shaba hugeuka ya waridi, si ule wekundu wake wa asili. Mjuzi huijua mara moja. Wakaguzi hawaipi daraja kamili katika kipimo chao cha 1 hadi 70, bali huandika kuwa imesafishwa. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Ndugu yangu mmoja, baharia, alifariki akaacha mkebe wa sarafu za bandari alizopita. Shemeji alitaka kuzisugua kabla ya kuziuza apate ada za watoto. Nikamwambia, "Shemeji, hii ni mali ya mayatima. Ziache na weusi wake mpaka azione mjuzi." Akaziacha.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwenye kuisugua sarafu kisha akaiuza kama haikuguswa, ameficha aibu ya bidhaa, na hiyo ni ghushi. Aliyejua na aseme kabla ya kupokea fedha.

Basi, msomaji, ukiikuta sarafu ya namna hii ndani ya kasha la wazee, ishike kwa ukingo, usiioshe wala usiipanguse kwa kitambaa. Iweke pakavu, peke yake, kisha uulize.

Wabillahi tawfiq.