Tuifungue Kwanza

Nguvumali, Tanga

Mpwa wangu,

Bibi yako anauliza utakuja lini, maana mhogo wa nazi anaokupikia huliwa na watu wengine.

Picha uliyonitumia nimeiona, nimeikuza mpaka nikasoma maandishi madogo ya chini. Laptopu ni nzuri, sina ubishi. Nyembamba kama sinia, kilo moja na kitu, haina hata feni ya kupiga kelele. Unasema mkopo wa kazini umepita na unataka baraka zangu. Baraka unazo. Lakini mkopo huo utakatwa kwenye mshahara wako mwezi baada ya mwezi, basi nivumilie kidogo kabla hujatia saini.

Uzito siudharau. Mama yako alifundisha Muheza miaka kumi na minne, na kila jioni alirudi na madaftari ya madarasa mawili ndani ya kikapu, bega lile lile. Leo akiinua mkono kuanika nguo anauma meno. Wewe unakagua hesabu za vikundi Kigombe, Maramba, mpaka Daluni, nusu ya safari uko juu ya bodaboda na begi mgongoni. Sitaki nikuone na bega la mama yako. Kwa hiyo ukitaka mashine nyepesi, mimi niko upande wako.

Kinachonitia hofu ni kilichomo ndani. Mwaka juzi alikuja hapa kibarazani mama mmoja mweka hazina wa kikundi, amebeba laptopu yake kwenye khanga kama mtoto mgonjwa. Chai ilikuwa imemwagikia keibodi. Nilitoa skrubu za chini nikidhani nitachomoa diski, niiweke kwenye mashine nyingine, niokoe hesabu zake. Hapakuwa na diski ya kuchomoa. Kumbukumbu zote zilikuwa chipu zilizochomelewa kwa risasi kwenye mazabodi, na mazabodi yenyewe yameungua. Hesabu za miaka mitatu, michango ya wanawake wenziwe, na nakala hakuwa nayo. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimetengeneza redio, taipureta na kompyuta kwa miaka mingi, na sijawahi kujiona mtupu kama siku ile.

Wembamba una gharama yake, na mara nyingi hulipwa hapo. Tangu Januari 2008, Steve Jobs alipoichomoa MacBook Air kutoka kwenye bahasha ya kaki, watengenezaji wengi wameifuata njia hiyo. Ile ya kwanza ilikuwa na kilo 1.36 na tundu moja tu la USB, na RAM yake ya GB 2 ilichomelewa; uliyonunua nayo ndiyo uliyozeeka nayo. Soketi ya RAM inakula nafasi, na betri ya kuchomoka inataka ganda lake. Anayetaka kupunguza milimita huanzia huko.

Tena fikiria hali yetu ya hewa. Mashine isiyo na feni hutegemea mwili wake kujipoza. Ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kwa barua na hesabu ndogo hutaona tofauti. Lakini Februari, chini ya bati la ofisi ya kijiji, ukiwa umefungua vitabu vya vikundi sita kwa pamoja, utaiona. Betri nayo haipendi joto, hasa ikikaa imejaa chaji siku nzima. Nimefungua nyembamba kadhaa ambazo betri ilivimba mpaka ikainua keibodi. Yoyote utakayochukua, kama ina sehemu ya kuweka kikomo cha chaji, iweke asilimia 80 siku zile unapofanya kazi ukiwa umechomeka kwenye umeme.

Sasa nikupe mfano wa mashine mbili ninazozijua kwa mikono, maana za mtumba zinapatikana. ThinkPad T480 na ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita ni za kampuni moja, zote za 2018. T480 inaanzia karibu kilo 1.6. Ina soketi mbili za RAM na betri mbili, ya ndani na ya nje. Umeme ukikatika unachomoa ya nje, unapachika nyingine, na kazi haizimiki. X1 Carbon ina kilo 1.13, na RAM yake imechomelewa. Lakini diski yake ni kipande cha urefu wa kidole, inachomoka kwa skrubu moja. Tofauti yao haifiki nusu kilo ya sukari.

Ningekuwa mimi ningechukua T480 bila kufikiri. Lakini mimi nakaa kibarazani, wewe uko barabarani. Kwako naona mashine nyepesi inafaa, kwa masharti: iwe na RAM ya GB 16 tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hutaongeza kamwe, na diski iwe ya kuchomoka. Kwa mashine yoyote ya mtumba tazama pia prosesa. Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Chini ya hapo utapewa bei tamu ya kitu kilichokwisha kuachwa. Fedha itakayobaki nunua diski ya nje, na kila Ijumaa kabla hujafunga ofisi nakili kila kitu. Hili nakuomba, sikushauri. Yule mama bado namwona.

Jumamosi ukishuka Kange njoo moja kwa moja hapa, twende dukani pamoja. Bisibisi nitakuwa nazo mfukoni. Muuzaji akikataa tusiifungue mbele yake, tutamshukuru, tutakwenda duka la pili.

Mjomba wako