Njeo Mpakani: Kumbukumbu za Kufundisha Vitenzi vya Kiingereza Malaba na Busia

Aghalabu mhakiki wa fasihi humwachia mwanaisimu suala la njeo, naye mwanaisimu humkabidhi mwalimu wa shule, ambaye huligeuza kuwa jedwali la kukaririwa. Nia yangu katika makala haya ni kulirudisha suala hilo mikononi mwa mhakiki, kwa kusimulia jinsi lilivyonishinda mimi mwenyewe nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili isiyo mbali na Malaba. Sisimulii haya ili kujikosha. Nayasimulia kwa kuwa nimefikia kuamini kwamba kosa nililolifanya darasani ndilo tunalolifanya mara nyingi tunapozisoma kazi za waandishi wetu.

Anayepajua Malaba anaijua foleni ya malori. Magari yatokayo Mombasa yakielekea Kampala na kwingineko hungoja hapo yakaguliwe, na kuna siku msururu hurefuka kilomita kadhaa. Kila asubuhi nilipita kando ya msururu huo nikienda kazini, na masikio yangu yakazoea mazungumzo ya madereva, utingo wao na makarani wa mawakala wa forodha. "Karatasi zimefika?" "Hazijafika." Kwa jibu hilo dereva alitandika mkeka chini ya lori lake akangoja. Sikumsikia karani akijibu "hazikufika", maana jibu hilo lingefunga mlango wa matumaini. Kiambishi -ja- hukanusha tendo na papo hapo huahidi kwamba lingali linatarajiwa. Watu wale walikuwa mabingwa wa njeo bila ya jedwali lolote.

Mimi nilikuwa na jedwali. Nilikuwa nimelinakili chuoni: nyakati kumi na mbili za Kiingereza, zimepangwa kama chupa za soda ndani ya kreti. Wanaisimu wengi wangeniambia kwamba umbo la kitenzi cha Kiingereza hubainisha njeo mbili tu, uliopita na usiopita, na kwamba mengine yote ni hali na vitenzi visaidizi. Lakini jedwali lilipendeza ubaoni. Wanafunzi wa kidato cha pili walilikariri, na katika zoezi la kujaza mapengo walifanya vizuri mno. Kisha nikawapa insha.

Mmoja aliandika, "I went to the market and buy fish and come home." Niliviwekea wino mwekundu vitenzi viwili vya mwisho, nikaandika pembeni kwamba hakuwa makini. Kumbe alikuwa makini kunishinda. Isome sentensi hiyo kwa Kiswahili: nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani. Kiswahili hutaja wakati uliopita mara moja, kwa -li-, kisha hukiachia kiambishi -ka- kazi ya kuyafuatanisha matukio. Hakioni haja ya kumkumbusha msikilizaji, kila kitenzi kinapoingia, kwamba hayo yote yalikwisha kupita. Kiingereza kinaidai alama hiyo katika kila kitenzi. Mwanafunzi wangu alikuwa amelipa mara moja akadhani ameruhusiwa kupita.

Wengine waliandika "The baby has slept" pale mtoto alipokuwa angali usingizini, na "He has stood at the gate" kuhusu askari aliyekuwapo langoni wakati huohuo. Haya nayo yalikuwa na mantiki. Mtoto amelala, askari amesimama. Katika vitenzi vya namna hii, -me- haihusu tu tendo lililokamilika. Inahusu zaidi hali iliyozaliwa na tendo hilo, nayo ingalipo. Sisi walimu tulikuwa tumefundishwa kwamba -me- ni sawa na "has", tukawafundisha hivyo, kisha tukawaadhibu kwa alama walipotuamini.

Sasa nifike kwenye insha iliyonileta hapa. Kijana mmoja mkimya, wa dawati la nyuma, aliandika kuhusu familia yake. Sentensi ya tatu ilisema, "My father has died in 1991." Nilikata maneno mawili, nikaandika "died" juu yake, nikaendelea na ukurasa uliofuata. Kanuni iko wazi: ukitaja wakati maalumu uliopita, hali timilifu haikubaliki. Siku niliyorudisha madaftari, kijana huyo alisubiri wenzake watoke, akaja mbele na daftari lake limefunguliwa.

"Samahani, mwalimu. Hapa nimekosea nini?"

Nilimweleza kanuni. Akasikiliza kwa adabu, akaitazama tena sentensi yake.

"Lakini mwalimu, si bado amekufa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, na kwamba katika mtihani asiandike hivyo. Akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake. Mazoezi yangu yalimalizika muhula huo na sikumwona tena. Tangu hapo nimefundisha kwa miaka mingi, Busia na kwingineko, na kila ninapofika kwenye somo la hali timilifu swali hilo hunisubiri mlangoni.

Wanafunzi wa Busia huja darasani na mifumo ya njeo zaidi ya mmoja. Wamo wasemao Kisamia, Kikhayo na Kimarachi nyumbani. Wamo wasemao Kiteso, ambacho si cha Kibantu bali ni jamaa wa Kiturkana na Kimaasai, na ambacho wasemaji wake wako pande zote mbili za mpaka. Ikumbukwe kwamba mpaka huo ni mgeni: hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Wamo pia waliojifunza Kiganda sokoni. Kiganda hutofautisha kitendo kilichopita karibuni na kile cha zamani zaidi, na wakati ujao pia huugawa: wa karibu na wa mbali. Kiambishi tamati cha Kiganda katika "nkoze", yaani nimefanya, kina asili moja na kile kinachosalia katika tenzi kongwe za Kiamu ambacho hutupa taabu tunapoufundisha ushairi wa Lamu. Mtoto wa aina hiyo si debe tupu linalongoja kujazwa nyakati kumi na mbili. Anazo nyingi, asichoambiwa ni kwamba Kiingereza kimeyakata mambo mahali pengine.

Hapa ndipo mhakiki anapohusika. Gabriel Okara alipoandika riwaya ya The Voice mwaka 1964, aliupitisha muundo wa lugha yake ya Kiijo ndani ya Kiingereza kwa makusudi. Sentensi zake tunaziita mtindo, na tunaziandikia tasnifu. Mwanafunzi wa kidato cha pili afanyapo jambo linalofanana na hilo, tunaliita kosa na kulikata. Yawezekana msomaji akapinga kwamba mambo haya mawili hayalingani, naye atakuwa na haki. Okara alizijua njia zote mbili akachagua moja. Kijana yule alijua moja tu. Tofauti baina yao ni hiari. Lakini hiari hiyo ilikuwa yangu kumpa, nami nilimpa wino mwekundu. Na mhakiki anayekutana na njeo asiyoitarajia akakimbilia kuiita udhaifu wa mwandishi, kabla ya kuuliza ni lugha gani inayosema chini ya ile inayoonekana, anafanya kama nilivyofanya.

Sidai kwamba tuache kusahihisha. Watahiniwa wa Malaba husahihishwa kwa mwongozo uleule unaotumiwa Nairobi, na mwalimu anayewaficha kanuni kwa jina la kuheshimu lugha zao anawadhulumu. Ninachokifanya siku hizi ni kidogo. Kabla ya kuchora chochote ubaoni huwaomba wanafunzi waiseme sentensi moja kwa kila lugha iliyomo darasani, kisha tunauliza kila lugha inataja nini na inanyamazia nini. Kiingereza huja mwisho, kama lugha mojawapo. Jedwali lingalipo, ila sasa wanalijaza wao.

Na kijana yule, kama angesimama mbele yangu leo na daftari lake, ningemjibu hivi: Hukukosea kuhusu baba yako. Kiswahili kimekuruhusu kusema kwa neno moja kwamba jambo lilitokea na kwamba lingali hivyo. Kiingereza kinakutaka uchague: ama utaje mwaka, ama useme kwamba hali ingalipo. Ukiyataka yote mawili, andika sentensi mbili. Keti, uandike ya pili.