Kifungu kwa Kifungu

Ujanani mwangu Mombasa, siasa ilikuwa ya wazee. Jioni barazani, dele la kahawa likiwa juu ya makaa, gazeti moja lilipita mikono mingi, na aliyelishika ndiye aliyekuwa na neno. Sisi vijana tulikaa pembeni kusikiliza fulani kasema nini, fulani kahamia chama gani. Sheria yenyewe hatukuwahi kuiona.

Simu zilipoenea, maneno yalikuwa yale yale, ila yalikimbia zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi ulisambaza uvumi na chuki za kikabila. Januari 2008 ndipo Wakenya wachache wakaanzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani. Nilifarijika: kumbe simu ile ile ilifaa kwa kusema kweli.

Kisha ikaja Juni 2024. Nilimkuta binti wa dada yangu sebuleni, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, anajirekodi kwa ajili ya TikTok. Magotini ana karatasi za Mswada wa Fedha.

“Mjomba, ngoja nimalize mkate.”

Alikuwa akieleza pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kisha kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Anasoma kifungu, anakifafanua kwa Kimvita cha nyanya yake, akikosea anafuta, anaanza tena. Hakuna mwanasiasa aliyemtuma. Kote nchini vijana walikuwa wakifanya hivyo kwa lugha zao, na usiku wakijadiliana kwa sauti kwenye mtandao wa X.

Pendekezo la mkate na la gari yaliondolewa Juni 18. Juni 25 Bunge likapitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana waliokuwa wakiandamana kuupinga wakaingia bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39 katika maandamano hayo. Asiniambie mtu kwamba vijana wale walikuwa wakicheza na simu.

Uongo bado unasambaa humo humo, tena kwa video zinazovutia kuliko za mpwa wangu. Lakini yeye haulizi tena fulani kasema nini. Juzi alinitumia makadirio ya bajeti ya kaunti, kurasa za wadi yetu kazipigia mstari, akataka nimjibu kabla ya mkutano wa wananchi.