Kupanga Maneno ya Nyumba za Shangazi

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hizi, hata hivyo, mgeni haji kabla hajasoma. Akiwa Kampala, Nairobi au Kigali hufungua simu, hutazama picha, husoma mistari michache, kisha huamua. Kwa hiyo shangazi yangu, mwenye nyumba tatu za mapumziko katika Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, aliponiomba nimpangie maneno ya tovuti yake wakati wa likizo ya chuo, niliona kuwa hiyo ni kazi ya lugha kama zile tunazopewa darasani. Tofauti ni kwamba hapa alama hazitolewi na mhadhiri bali na wageni, nazo ndizo zinazolipa karo za binamu zangu.

Kwanza, sikuanza kwa kuandika bali kwa kusoma. Nilisoma ujumbe wa wageni katika simu ya shangazi, nikanakili maswali yao daftarini na kuyagawa katika mafungu. Hakuna aliyeuliza kuhusu "mandhari ya kuvutia". Waliuliza: Bei ni ya mtu mmoja au ya nyumba nzima? Gari linafika mlangoni? Kuna maji ya moto? Nani anapika? Naweza kulipa kwa simu? Mafungu hayo ndiyo yaliyozaa kurasa tano: Nyumba, Bei, Kufika, Chakula na Historia. Bei niliiandika mahali pamoja tu, kwa sababu ikirudiwa katika kurasa mbili, siku moja itabadilishwa huku na kusahaulika kule, na ugomvi utakuwa mlangoni.

Ukurasa wa Kufika ulituchelewesha. Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, kisha kuna barabara ya milimani hadi ziwani, na nyumba moja kati ya zile tatu iko kisiwani, haifikiki ila kwa mtumbwi au boti. Aidha, ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku ni baridi. Shangazi aliogopa.

"Mwanangu, ukitaja baridi watakimbilia Entebbe."

"Shangazi, aliyeambiwa atakuja na sweta. Asiyeambiwa ataondoka na malalamiko."

Alicheka, na sweta ikabaki.

Pili, lilikuja suala la lugha. Shangazi aliuliza nani Uganda atasoma Kiswahili, lugha ambayo watu wa rika lake waliizoea midomoni mwa askari. Ni kweli kwamba Katiba yetu iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini katiba haileti wageni. Nilimwonyesha ujumbe wa Wakenya na Watanzania katika simu yake mwenyewe, nikamkumbusha miaka ambayo mpaka wa Katuna ulifungwa, kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, wageni wa Kigali wakakatika. Mwenye mlango mmoja hulia ukifungwa. Alikubali tuwe na kurasa za Kiswahili pia. Hapo nikagundua uzito wa neno moja. "Gesti" humfanya msomaji afikirie chumba cha kulala usiku mmoja karibu na stendi ya basi. "Nyumba ya kupanga" humfanya afikirie kodi ya mwezi. Tulichagua "nyumba ya mapumziko", kisha tukaeleza kwamba familia hupewa nyumba nzima pamoja na jiko lake.

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa insha hii, ni ukurasa wa Historia. Wengi wanaotangaza ziwa letu hudai kuwa lina kina cha mita 900 na kwamba ni la pili kwa kina barani Afrika, ilhali vipimo vya wanasayansi hutoa mita 40 hivi. Dai hilo tuliliacha bila mjadala. Kugumu kulikuwa Akampene, kile kisiwa kidogo ambako zamani Wakiga waliwaacha wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa ili wafe kwa njaa au kwa maji wakijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja awe mkewe. Wageni hukipenda kisiwa hicho, na shangazi alitaka kiwe juu kabisa, katika orodha ya mambo ya kufanya, kati ya kuogelea na kula kamba wa ziwani.

Sikupinga kisitajwe, kwani kuficha ni kuwaua wasichana wale mara ya pili. Nilipinga jirani zake katika orodha. Mpangilio nao ni usemi: ukiweka kifo kando ya kamba, umesema kwamba ni kitoweo. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wale walikuwa watoto wa watu. Waweke peke yao." Kwa hiyo Akampene ina aya yake katika Historia, bila bei na bila neno "furahia".

Wenzangu wa Kiswahili, tumezoea kuchambua maana ndani ya sentensi. Tusisahau kwamba maana hukaa pia katika kinachotangulia, kinachofuata na kinachokaa peke yake.